Rubani wa Cessna kwenye ndege ya turubai: analalamika nini, chanzo ni nini, mfanyeje

Kuna jamaa yangu hapa Mombasa, miaka na miaka anarusha Cessna 172, mkono wake mzuri tu, juzi kanunua altralaiti ya viti viwili. Ile ya mabomba ya aluminiamu na mabawa ya turubai, injini Rotax 582 imekaa juu nyuma ya kichwa na propela inasukuma kutoka nyuma. Wiki ya kwanza alinipigia simu sijui mara ngapi, na kila simu ni hiyo hiyo, "kaka hii ndege ina kasoro". Nikamwambia Kapteni (namwita hivyo kumtania), ndege haina kasoro, mkono wako ndio bado uko kwenye Cessna. Lakini nilikuwa nusu sawa nusu nimekosea, maana baadaye tuligundua moja ya zile kasoro ilikuwa ya kweli na ingetutia baharini.

Kwa hiyo wewe unayemsaidia mwenzio, kila akikuletea lalamiko jiulize kwanza ni mkono, ni upepo au ni mashine. Usikimbilie kumwambia "utazoea" na usikimbilie kufungua spana pia. Na kabla ya hayo yote karatasi, leseni yake inasema nini na nani ana kibali cha kumfundisha, hilo mwulizeni mamlaka ya anga (KCAA) mapema, na kama wewe si mwalimu basi kaa upande wa kushauri, mwalimu ndiye akae kiti cha pili.

"Nikipunguza mafuta pua inainuka, nikiongeza inazama"

Hili ndilo la kwanza wote wanalalamika wakitoka Cessna, na wanadhani kuna kebo imefungwa vibaya. Hakuna. Kwenye Cessna ukipunguza mafuta pua inashuka yenyewe, ukiongeza inapanda, mwili umeshazoea hivyo bila kufikiri. Hapa injini iko juu ya mzigo wote, ikisukuma ni kama mtu anakusukuma kisogoni, pua inainama. Ukikata mafuta ule msukumo unaondoka, pua inanyanyuka, na spidi inakufa hapo hapo kwa sababu ndege haina uzito wa kuibeba mbele na mabomba na nyaya zote zile zinakamata upepo.

Piga hesabu kidogo uone. Cessna ya kilo 1000 ikija kutua noti 60 (noti ni maili ya baharini kwa saa, ndefu kuliko maili ya kawaida), na hii ya kilo 400 ikija noti 40, ile Cessna imebeba nguvu ya mwendo mara tano na ushee zaidi. Ndiyo ile akiba unayotumia kuelea juu ya ranwei ukitafuta pa kuweka magurudumu. Kwenye altralaiti akiba hiyo haipo, ukikata mafuta ni kama umekanyaga breki.

Dawa: pandeni futi 2000 asubuhi hewa ikiwa imelala, mwambie ashike stiki (usukani wa ndege) kwa vidole viwili, mwalimu ndiye acheze na mafuta. Anakata, pua inanyanyuka, Kapteni aone spidi inavyoporomoka. Anajaza, pua inaenda chini, aone. Kisha achukue yote mwenyewe, na kila mkono wa mafuta ukirudi nyuma stiki inaenda mbele, pamoja, kama clachi na gia. Kapteni ilimchukua kama mara kumi na tano mpaka mkono ukaanza kwenda wenyewe. Usimruhusu kwenda kutua kabla ya hapo hata akikuapia, kwa sababu pale anapoghairi kutua karibu na ardhi akajaza mafuta yote kwa pupa, pua itaelekea chini na hana futi za kurekebishia.

"Inaniangusha mwishoni"

Anakuja vizuri, spidi sawa, halafu mita chache juu ya ardhi ndege inadondoka puu. Hapa kuna vyanzo vitatu na vinafanana sana ukiangalia ukiwa nje, kwa hiyo lazima umuulize alikuwa anaangalia wapi.

Chanzo cha kwanza ni macho. Kwenye Cessna umekaa juu, kwenye hii makalio karibu yanagusa nyasi. Mtu macho yake yanamwambia "bado sijafika" au "nimeshafika" kwa picha ya zamani, na wengi wanainua pua wakiwa juu mno, ndege inaisha spidi hewani na inaanguka. Dawa ya hili haihitaji hata petroli. Jioni moja tuliivuta ndege mpaka mwanzo wa ranwei, Kapteni akakaa kitini, mimi nikaweka matofali chini ya gurudumu la mbele mpaka ikawa na mkao wa kutua, nikamwambia angalia mwisho wa ranwei, usiangalie geji, usiangalie mimi. Nusu saa. Mbu wanatula, watoto wa pale wamekuja kutuangalia na mmoja anauliza mbona haliondoki. Lakini ile picha ya nyasi zilivyo pembeni ya jicho ndiyo iliyomsaidia kuliko maneno yangu yote, kesho yake kutua kwa tatu kulikuwa kama kuweka kikombe mezani.

Chanzo cha pili, anakata mafuta mapema kwa mazoea. Muache ashuke na mafuta kidogo mpaka magurudumu yakaribie kugusa, atajifunza kutua kimya baadaye.

Chanzo cha tatu ni spidi yenyewe. Soma kitabu cha ndege yake, si cha ndege ya mtu mwingine, kila moja ina namba zake. Kanuni ni kuja na spidi ya stoli (ile ambayo chini yake bawa haliwezi tena kuibeba ndege) mara 1.3, yaani kama inastoli maili 35 basi njoo na 45 hivi. Na hakikisha anajua geji yake inasoma maili au noti! Usicheke. Kapteni siku mbili alikuwa anarusha namba za noti kwenye geji ya maili, ambayo ina maana alikuwa anakuja polepole kuliko alivyodhani. Na kama geji inasoma vitu vya ajabu, angalia kile kibomba cha mbele kinachopokea upepo wa kupimia spidi, huku kwetu nyigu wa udongo wanapenda sana kujenga humo, wiki moja tu imesimama bila kifuniko unakuta kumezibwa kabisa.

Ikidunda baada ya kugusa asiifukuze na stiki, mbele nyuma mbele nyuma, maana kila mdundo utakuwa mkubwa kuliko uliotangulia. Ongeza mafuta, shikilia pua pale pale, zunguka upya. Ndiyo hivyo tu.

"Mbona inakwenda upande upande kama kaa"

Cessna inasamehe miguu mizembe, altralaiti haisamehi. Mabawa marefu, mwendo mdogo, ukilaza stiki kushoto pua kwanza inakimbilia kulia. Rubani wa Cessna miguu yake mara nyingi imelala sakafuni tangu alipopata leseni (samahani kwa walio tofauti).

Ndege nyingi za aina hii hazina ule mpira mdogo kwenye dashibodi unaoonyesha ndege inateleza upande, zina kipande cha uzi wa sufi kimefungwa mbele puani. Na hapo ndipo mtu anapopotea, kwa sababu ameshafundishwa "kanyaga mpira", mpira ukienda kulia kanyaga kulia. Uzi ni kinyume. Mkia wa uzi ukilalia kulia, kanyaga kushoto. Kapteni alikuwa anakanyaga uzi kama anavyokanyaga mpira na kila alivyokanyaga ndivyo ilivyozidi, akaniambia pedali zimefungwa kinyume, na nikashuka kuangalia kebo kweli, ziko sawa. Tukaandika kwa kalamu kwenye bomba la mbele mshale mdogo wa kumkumbusha. Zoezi: alaze ndege kushoto na kulia bila kugeuza pua, pua ibaki kwenye mnazi mmoja mbali huko, dakika kumi kila siku. Miguu itauma na ndiyo dalili njema.

"Asubuhi ni malaika, saa sita ni shetani"

Hapa si mkono si mashine. Ni Mombasa.

Alfajiri upepo umelala, unaruka kama uko kwenye maziwa. Kuanzia saa nne hivi bara inapata joto, upepo wa baharini unaingia, na juu ya mabati, machimbo ya mawe na mashamba ya makonge kule Vipingo hewa ya moto inapanda kwa mafungu. Cessna inatikisika kidogo unaendelea na stori, hii inakurusha kama ungo. Wakati wa kaskazi, Desemba mpaka Machi, upepo unatoka kaskazini mashariki, halafu kusi inaingia kuanzia Aprili na inakuwa na nguvu hasa katikati ya mwaka, na kusi haina utani. Kwa mwanafunzi mpya mimi sheria yangu ni kuruka kati ya jua kuchomoza na saa tatu asubuhi, basi, akitaka zaidi asubiri jioni upepo ukianza kuanguka.

Sasa kuna dalili moja ya upepo ambayo inajifanya ni kosa la mkono. Anakuja kutua, juu ya minazi spidi ni nzuri, akishuka chini ya vichwa vya minazi spidi inapungua ghafla na ndege inazama. Unamlaumu bure. Upepo uliokuwa unampiga usoni kule juu haupo huku chini, umekatwa na miti, na kile kipande cha spidi kimekwenda nao. Zaidi ya hapo nyuma ya mstari wa minazi hewa inajiviringa, na mviringo huo unafika mbali, hesabu mara kumi ya urefu wa miti au zaidi, mnazi wa mita 20 unakuharibia mita 200 za ranwei. Mwambie aongeze spidi kidogo siku za upepo wa kusukumasukuma, nusu ya ile tofauti, kama soksi ya upepo inaonyesha noti 10 ukiruka mpaka 16 basi aongeze 3. Na alenge kutua mbele zaidi ukuta wa minazi ukiwa nyuma sana. Ranwei ndefu si ya kuonea haya, itumie.

"Peke yangu inapaa, na abiria haipandi"

Joto na uzito. Siku ya nyuzi 32 hapa usawa wa bahari hewa ni nyepesi kama vile uko futi 2000 juu, propela haipati cha kushika na bawa pia. Ongeza mtu wa kilo 90 na tangi limejaa, ndege ya nguvu za farasi 64, unategemea nini. Kinyume chake pia kinashtua, siku mwalimu anaposhuka na kumwachia mwenyewe, ndege inaruka kutoka ardhini kabla hajajiandaa na mkao wa pua unabadilika. Mwambie kabla, asikutane na hilo peke yake.

"Nguvu inapungua ikipanda"

Sasa hii ndiyo ile simu niliyotaka kuipuuza. Nilisema "joto hilo kaka". Akanijibu joto gani na ni saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Akili ikanirudi.

Injini hizi za viharusi viwili zina lugha yake na geji ya joto la moshi ndiyo mkalimani. 582 ina kabureta mbili na silinda mbili, kwa hiyo angalia kwanza kama sindano mbili zinasoma sawa. Moja ikiwa juu na nyingine kawaida, tatizo liko upande wa kabureta ile. Zote zikipanda na nguvu inashuka, injini inapata petroli kidogo kuliko hewa: chujio limeziba, pampu imechoka, bomba dogo la kuipigisha pampu limetoboka, maji kwenye petroli, au zile raba zinazoshikilia kabureta zimepasuka na hewa inaingilia hapo. Zote zikishuka na injini inakohoa, petroli imezidi: choki haijafunga vizuri, chujio la hewa limejaa vumbi, au boya la kabureta halikati. Toa plagi uziangalie, rangi ya chokoleti ni afya, nyeusi yenye oili imeshiba mno, nyeupe inakaribia kuyeyusha pistoni na hiyo unapaki ndege siku hiyo hiyo bila mjadala.

Ya Kapteni sindano zote zilipanda, plagi zikatoka na weupe. Tukatoa petroli kidogo kwenye chupa ya glasi ya soda, tukaiweka juu ya ukuta tukanywa chai. Tuliporudi chini ya chupa kuna kitu kama kidole cha maji safi, kimejitenga kabisa, ukiinamisha chupa kinatembea kama lulu. Jerikeni lilikuwa langu mimi. Nililiacha likiwa nusu kwa usiku kadhaa kwenye banda, na unyevu wa pwani hii unaujua, hewa ya ndani inapoa usiku na kutoa maji, na mimi mwenyewe ndiye niliyemchanganyia oili, mililita 400 kwa lita 20 maana ni 50 kwa 1, nikajisifu kwa kipimo na sikuangalia nilichokuwa napimia. Siku hizi jerikeni linajazwa mpaka juu au linabaki tupu, petroli inachujwa kila mara, na mchanganyiko uliokaa wiki kadhaa unaenda kwenye bodaboda ya mtu.

Jambo lingine la injini, mgeni hana subira ya kuipasha moto. Akiwasha na kujaza mafuta hapo hapo, pistoni inatanuka haraka kuliko silinda inayozungukwa na maji baridi, inakwama. Asubiri geji ya maji ipite 60. Na vile vile akishuka kutoka juu mbali mafuta yamekatwa kabisa halafu chini ajaze ghafla, ni ugonjwa ule ule, kwa hiyo kwenye kushuka aongeze mafuta kidogo kila baada ya muda kuiweka joto.

Chumvi nayo usiisahau. Ndege inayolala karibu na bahari ioshwe kwa maji baridi yasiyo ya kisima cha chumvi, boliti zikaguliwe kama zina unga mweupe, na turubai lisianikwe juani kama nguo za Jumamosi, jua linalila.

"Ikizima je?"

Kapteni hakuuliza hili kwa wiki tatu, nikauliza mimi. Rotax wenyewe wameandika kwenye kitabu chao kwamba injini hii kwa jinsi ilivyoundwa inaweza kuzima ghafla. Kwa hiyo si kasoro ikizima, kasoro ni kuwa mahali ambapo huna pa kwenda. Cessna kutoka futi 1000 inakufikisha kilomita mbili na nusu na kitu, hii kilomita moja na nusu ukiwa na bahati na hakuna upepo wa mbele. Injini ikinyamaza stiki mbele kwanza, kabla ya kushangaa, spidi ikishapatikana ndio utafute pa kutua.

Na watu wengi wakiruka upande wa Diani au Vipingo wanajiambia "nitatua ufukweni". Ufukwe upi? Siku za bamvua maji hapa yanapanda na kushuka zaidi ya mita 3, saa ya kupwa una uwanja mpana wa mchanga mgumu, saa ya kujaa mawimbi yanagonga ukuta wa hoteli na ufukwe wako haupo. Tukawa kila asubuhi kabla ya kuangalia soksi ya upepo tunaangalia kwanza jedwali la maji kupwa na kujaa, kama wavuvi. Siku moja maji yalikuwa yanajaa saa moja asubuhi, Kapteni akaangalia jedwali, akaangalia anga, akageuza pua kuelekea mashamba ya bara bila mimi kusema kitu.